Land Rover ya Zamani Inapogoma: Kutoka Dalili hadi Chanzo, na Kutoka Chanzo hadi Spea

Land Rover ya zamani haiharibiki kwa siri. Karibu kila ugonjwa wake hutoa dalili siku nyingi kabla gari halijasimama njiani. Taabu ni kwamba dalili moja huweza kuwa na vyanzo vitatu au vinne, na mwenye gari aliyechoka hukimbilia kununua spea inayotajwa sana vijiweni badala ya kutafuta kilichoharibika. Nimelipa gharama ya haraka hiyo mara nyingi, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Unahusu Land Rover za Series, hasa Series III yenye inchi 109 kati ya ekseli na ekseli na injini ya petroli ya lita 2.25, kwa kuwa ndiyo ninayoimiliki na ndiyo ninayoifungua kwa mikono yangu.

Gari la kwanza la jina hili lilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series I iliendelea hadi 1958, Series II hadi 1961, Series IIA hadi 1971, na Series III hadi 1985. Kenya zilikuwa zikiunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya, na hadi leo mji wa Maralal unajulikana kwa wingi wa Land Rover kuukuu zinazobeba watu na mizigo. Kwa hiyo spea zipo na ujuzi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni uhakika wa nini hasa kinatakiwa.

Kwanza lifahamu gari ulilo nalo

Kadi ya gari inaweza kusema ni Series III ya mwaka 1976, lakini kadi haijui yaliyofanyika tangu wakati huo. Gari lililopita mikononi mwa shule, misheni, idara ya maji na wafanyabiashara wawili huenda lina ekseli ya gari jingine, giaboksi ya tatu na kabureta ambayo haikutoka nayo kiwandani. Namba ya chasisi ya asili imegongwa kwenye pembe ya mbele ya chasisi, upande wa kulia, karibu na pingu ya springi. Isugue kwa brashi ya waya hadi isomeke, kisha iandike yote pamoja na herufi ya mwisho, kwa maana herufi hiyo ndiyo inayoonesha mabadiliko yaliyofanywa kiwandani, na vitabu vya spea hutenganisha vipuri kwa kuifuata. Magari ya mwisho, ya kuanzia karibu mwaka 1980, yana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na SALL. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku. Nayo iandike, kwa sababu injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu hadi 1980, kisha ikawa na tano, na atakayekuuzia seti ya beringi za krankishafti bila kuuliza jambo hilo anabahatisha.

Tazama pia ekseli ya nyuma. Ile ya aina ya Rover hufunguliwa difu yake (gia za katikati zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) kwa mbele, upande wa propela shafti. Ile ya Salisbury, iliyoanza kuwekwa kwenye 109 za Series III mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni nene zaidi na ina mfuniko wa bolti kwa nyuma. Hafu shafti, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka difu hadi magurudumuni, na sili zao haziingiliani.

Jambo la mwisho katika utambuzi huu ni nyuzi za bolti, nami nalisisitiza kwa kuwa limeharibu bloku nyingi kuliko ajali. Bolti nyingi za gari hili ni za inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94 na nyuzi 24 kwa kila inchi. Bolti ya milimita 8 inakaribia kuwa sawa nayo kwa macho, huingia mizunguko miwili kwa wepesi, kisha hukwama. Fundi mwenye nguvu huilazimisha, na tundu la alumini likishaliwa nyuzi halikazi tena. Vivyo hivyo spana ya 13 inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, lakini kichwa hicho ni milimita 12.7, na pengo hilo dogo ndilo linaloviringisha pembe zake. Nunua spana za inchi kabla ya kununua spea yoyote.

Stata inazunguka kwa uvivu

Wengi hupeleka stata kwa fundi wa umeme au hununua betri mpya. Kabla ya hayo, pima betri ikiwa imetulia. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Pima tena wakati mtu anazungusha ufunguo, na ikiwa inashuka chini ya volti 10 hivi, betri ina kosa au stata inakula umeme kupita kiasi. Ikiwa betri inashikilia volti zake na stata bado ni mvivu, tatizo liko njiani, na mara nyingi ni kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Injini na giaboksi vimekaa juu ya raba, hivyo haviguswi na chasisi isipokuwa kwa mkanda wa waya unaoviunganisha. Mkanda huo ukiliwa na kutu au ukisahaulika baada ya giaboksi kushushwa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine na hupita kwenye waya wa choki. Ukigusa waya wa choki baada ya kupiga stata ukaukuta wa moto, hakuna haja ya kipimo kingine. Uthibitisho ni kuunganisha waya mnene wa kuazimia umeme kutoka upande hasi wa betri moja kwa moja hadi kwenye chuma kitupu cha injini. Stata ikichangamka papo hapo, safisha ncha za ethi kwa msasa na ubadilishe mkanda.

Tahadhari kwa wenye Series II na IIA: magari yaliyotengenezwa kabla ya karibu mwaka 1967 yaliunganishwa upande chanya wa betri kwenye chasisi. Mwenye gari la namna hiyo akifunga altaneta au redio bila kubadili mfumo, ataviunguza.

Injini inazima ikishapata moto, kisha inawaka baada ya kupumzika

Hii ndiyo dalili iliyonitesa kuliko zote. Gari langu lilikuwa likienda dakika ishirini, linakohoa, linazima. Baada ya robo saa linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Duka moja liliniuzia koili, lingine likaniuzia kondensa, na gereji moja ikanibadilishia pampu ya mafuta. Gari liliendelea kuzima.

Kosa langu lilikuwa kutafuta chanzo gari likiwa limepoa na linawaka. Ugonjwa huu hupimwa palepale unapotokea, kabla injini haijapoa, na kipimo cha kwanza ni kujua kama kilichokatika ni moto au mafuta. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, ushike kwa koleo yenye mpira, uweke ncha yake umbali wa milimita sita hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mwambie mtu apige stata. Cheche nene ya buluu inayosikika ikilia maana yake ni kwamba koili, platini (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata na kuunganisha umeme) na kondensa vinafanya kazi. Cheche nyembamba ya njano, au isiyokuwepo, inakupeleka kwenye kondensa kwanza na koili baadaye, kwa kuwa vyote viwili huweza kuwa vizima vikiwa baridi na kushindwa vikishapata joto.

Kama cheche ni nzuri, nenda upande wa mafuta. Pampu ya asili iko upande wa kulia wa injini na nyingi zina kikombe cha kioo na kimkono kidogo cha kupampu kwa kidole. Chomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, liweke ndani ya chupa, kisha pampu. Mafuta yakitoka kwa mapigo yenye nguvu, kosa liko kwenye kabureta. Yakitoka kidogo, fungua mfuniko wa tangi na usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio wa kufyonza, umefika. Tundu la kupumulia la tangi limeziba, pampu inavuta mafuta dhidi ya ombwe, na baada ya dakika ishirini ombwe linashinda. Gari linapopumzika, hewa hupenya polepole na mambo yanarudi sawa. Hicho ndicho kilichokuwa kikinizimia gari: vumbi na mafuta yaliyoganda kwenye tundu lisilozidi unene wa njiti ya kiberiti. Koili na kondensa nilizokuwa nimenunua nilizihifadhi, na zinanifaa hadi leo kama akiba.

Kama tangi linapumua vizuri, angalia kikombe cha kioo iwapo kina kutu na maji, kisha kichujio kilicho kwenye mrija wa kunyonyea ndani ya tangi. Halafu fuata bomba lote hadi mbele ukitafuta mahali ambapo limewekwa karibu mno na bomba la moshi. Petroli inayochemka ndani ya bomba hukata mtiririko kama uchafu unavyoukata.

Injini inatetemeka, inakosa mapigo, au haina nguvu mlimani

Anza na marekebisho ya msingi, kwa sababu yasipokuwa sawa kila kipimo kingine kitakudanganya. Platini ziwe na nafasi ya inchi 0.014 hadi 0.016, yaani kama milimita 0.35 hadi 0.40. Valvu zote nane, za kuingiza na za kutolea, ziwe na nafasi ya inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2, na rota, kipande kinachozunguka ndani ya distributa, huenda kinyume cha mshale wa saa. Nimekuta zaidi ya gari moja lililoandikiwa ripoti ya valvu mbovu ilhali waya wa plagi ya pili na ya tatu ulikuwa umebadilishana nafasi.

Ukirekebisha platini leo na kesho nafasi ikawa nyingine, shika rota kwa vidole uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, bushi za distributa zimelika, na hakuna platini mpya itakayokaa. Karakana ya kukereza vyuma inaweza kuchonga bushi mpya ya shaba. Kuhusu rota yenyewe, kuwa mwangalifu na zile za siku hizi ambazo bamba lake la shaba limeshikiliwa na ribiti. Zipo ambazo umeme hupenya kupitia ribiti hiyo hadi kwenye shafti, na injini hukosa moto ghafla hata kama kila kitu ni kipya. Ukipata rota isiyo na ribiti, hata ikiwa kuukuu, usiitupe.

Ikiwa injini inatetemeka tu inapozunguka polepole gari likiwa limesimama, inatoa moshi mweusi na plagi zina masizi makavu, mtuhumiwa ni kabureta. Kwenye Series III nyingi ni Zenith 36IV, na kasoro yake inajulikana. Sehemu ya juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na pete ndogo ya raba iliyo kati ya mfuniko na kipande cha ndani hukakamaa. Petroli hupita pembeni mwa njia zilizopimwa, na skrubu ya kurekebisha mchanganyiko haiathiri kitu hata ukiifunga yote. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo muhuri wa ugonjwa huu. Dawa ni kubandika msasa laini juu ya kioo cha dirisha, kusugua nyuso hizo polepole kwa mzunguko hadi zing'ae sawasawa kote, na kuweka pete mpya inayostahimili petroli. Wengi huondoa Zenith na kufunga Weber 34 ICH, ambayo ni rahisi na haisumbui, ingawa hupunguza kidogo nguvu ya juu. Mimi nimeibakiza Zenith, kwa kuwa ikishanyooshwa hutulia kwa miaka.

Ikiwa moto na mafuta ni sawa na nguvu bado hakuna, pima mgandamizo wa kila silinda, plagi zote zikiwa zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Tofauti kati ya silinda na silinda inaeleza mengi kuliko kiwango chenyewe. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili ndani yake upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au kuta za silinda zimelika. Kisipopanda, ni valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya hedi imepasuka kati yao.

Injini inachemka, au geji inasema inachemka

Maneno hayo mawili hayana maana moja. Kwenye Series III geji ya joto na ya mafuta zinalishwa na kifaa kimoja kidogo nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme hadi volti 10. Kikiharibika, au kikipoteza ethi yake, geji zote mbili hupanda pamoja. Kwa hiyo mshale wa joto ukikimbilia juu, mara moja tazama wa mafuta. Kama tangi lenye nusu linaonesha limejaa, injini haina homa.

Ikiwa joto ni la kweli, anza na rejeta kwa nje. Gari linalopita kwenye nyasi ndefu hujaza mbegu na vumbi kati ya mapezi, na maji yanapaswa kupigwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha njia uchafu ulikoingilia. Kisha zima injini ikiwa ya moto, na bila kufungua mfuniko pitisha kiganja mbele ya rejeta. Sehemu iliyo baridi katikati ya joto imeziba kwa ndani, na rejeta hiyo iende kwa fundi wa rejeta akafungue matangi na kuisafisha kwa fimbo. Tazama pia bomba la raba la chini injini ikiwa inavuma: likinywea kama shavu linalofyonza, limechoka.

Hapa lazima nipinge desturi iliyoenea ya kung'oa themostati, valvu inayofunguliwa na joto la maji, na kuitupa. Katika injini hii kuna njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na themostati yenye sketi huiziba njia hiyo inapofunguka. Ukiiondoa, njia fupi inabaki wazi siku zote na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kamwe. Gari hilo litachelewa kupata joto asubuhi ya baridi ya Makete na bado litachemka likipanda mlima.

Gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa mwisho, kwa kipimo. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa. Vipovu vinavyotoka mfululizo tangu sekunde za kwanza ni hewa ya silinda. Hedi ikishanyooshwa na gasketi kubadilishwa, bolti zake kubwa hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, hadi futi-pauni 65, ambazo ni karibu nyutoni-mita 88. Spana ya kupimia nguvu ni ya lazima hapa, hata kama ni ya kuazima.

Klachi na giaboksi

Gia ya nyuma ikiingia kwa kelele wakati gari limesimama, klachi haiachii kikamilifu. Usishushe giaboksi. Angalia kiwango cha maji ya klachi, toa hewa, kisha mwombe mtu akanyage huku ukitazama kisukumio cha silinda ya chini. Kikisogea kidogo tu, masta silinda au silinda hiyo ya chini imechoka, au bomba lake la raba limevimba kwa ndani. Kikisogea vizuri na kelele ikabaki, hapo ndipo kosa linapokuwa ndani.

Gia ikiruka, kaza kwanza raba za kushikilia giaboksi na ubadilishe springi ndogo zinazobana fimbo za gia, kwa kuwa kazi hiyo haigharimu siku nzima. Bushi za shafti kuu zikiwa zimelika hakuna njia ya mkato. Oili ikipungua kwenye giaboksi na kuzidi kwenye transfa, giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, sili iliyo kati yao imepitisha. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye nyuzi: plagi yake huingizwa tu wakati wa kuvuka maji marefu, kisha huondolewa. Ikisahaulika, oili inayovuja hujikusanya ndani na kulowesha klachi, na klachi iliyolowa huteleza hata ikiwa mpya.

Breki

Kwenye 109 sehemu hii inahitaji subira kuliko zote, na ndiyo sehemu ambayo sikubali kubahatisha. Pedali yenyewe inazungumza lugha tatu. Ikienda chini sana mara ya kwanza na kupanda ukikanyaga mara ya pili, breki shuu ziko mbali na dramu na zinahitaji kurekebishwa. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa. Ikishikilia vizuri kisha ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, raba za masta silinda zinapitisha maji, na gari hilo lisitoke.

Dramu za 109 zina kipenyo cha inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, ambazo hupenda kubana hewa mahali ambapo haitoki kwa urahisi. Mtu anaweza kutoa hewa mara sita na pedali isibadilike. Njia iliyonisaidia ni kukaza kwanza vigurudumu vyote vya marekebisho hadi breki shuu zibane dramu kabisa, ili pistoni zisipate nafasi ya kucheza, halafu kutoa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na mwisho kulegeza hadi magurudumu yazunguke. Tumia maji ya breki pekee. Nimeona raba zilizovimba hadi kujikunja kwa sababu mtu aliongeza oili ya injini akiwa safarini. Baada ya kosa hilo mfumo mzima husafishwa na raba zote hubadilishwa, kwa kuwa hakuna itakayopona.

Gari likivuta upande mmoja, fungua dramu zote mbili za ekseli hiyo. Wili silinda iliyokwama huonekana kwa kutu, lakini mara nyingi utakuta breki shuu zimelowa oili. Usinunue sili ya habu (kitovu cha gurudumu) peke yake. Sili hiyo husugua juu ya pete ya chuma iliyokazwa kwenye shina la ekseli, na sili ya zamani huwa imeshachimba mfereji juu yake. Pitisha ukucha: ukinasa, badilisha pete pamoja na sili, vinginevyo sili mpya itavuja ndani ya mwezi.

Ekseli na usukani

Oili inayodondoka kwenye mipira mikubwa ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele husababishwa na vishimo vya kutu juu ya mpira, ambavyo hukwangua sili. Wapo wanaojaza grisi badala ya oili ya EP90. Inazuia uvujaji, lakini bushi ya juu ya Series inategemea oili inayorushwa, hivyo napendelea kuongeza oili kila wiki hadi nipate mipira mizuri.

Usukani ukitetemeka kwa nguvu baada ya kupiga shimo, karibu na kilomita 60 kwa saa, inua mbele na utikise gurudumu kutoka juu na chini. Mchezo ukiwepo, mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: ukiisha, ni beringi za habu, ukibaki, ni pini za mpira wa ekseli, ambazo hukazwa kwa kupunguza vibati vyembamba vilivyo chini ya pini ya juu. Kisha kagua ncha za tairodi zote. Sanduku la kati la usukani lililo ndani ya chasisi mbele ya rejeta usilifungue bila kufungia springi yake. Imebanwa kwa nguvu kubwa na huruka kwa kasi inayoweza kuvunja mfupa.

Injini ikivuma, gia imeingia, na gari halisogei huku nyuma kukilia mlio wa chuma, hafu shafti imekatika. Kama habu za mbele zina vitufe vya kufungia, vifunge, sukuma chini fimbo ya njano ya kuingiza magurudumu manne, na magurudumu ya mbele yatakutoa. Lakini kama kila ukiingiza magurudumu manne gari linakaza kwenye barabara ya vumbi na fimbo inagoma kutoka, kuna uwezekano kwamba mtu alibadilisha difu moja tu. Za Series ni za uwiano wa 4.7 na za Land Rover za baadaye nyingi ni 3.54. Hesabu mizunguko ya propela shafti kwa kila mzunguko wa magurudumu mawili ya ekseli, mbele na nyuma, na zilingane.

Kutafuta spea

Namba za zamani za vipuri zina tarakimu sita tupu, na za baadaye zina herufi mbele kama RTC au STC. Namba moja huweza kuwa imerithiwa na nyingine, kwa hiyo muulize muuzaji namba mpya badala ya kukubali jibu kwamba kitu hakipo. Dar es Salaam utafutaji huanzia Gerezani, Kariakoo. Nairobi huanzia Kirinyaga Road. Nenda na kipuri cha zamani mkononi, kikiwa kimesafishwa, pamoja na kipimo cha vernia.

Vitu vingi havihitaji duka la Land Rover. Beringi zina namba iliyochorwa pembeni, na duka la beringi za mashine litakupa iliyo sawa. Sili hupatikana kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, vyote kwa inchi. Gasketi za karatasi hukatwa kwa mkono, breki shuu hubandikwa bitana mpya, na majani ya springi hupindwa upya na wahunzi wazuri. Hafu shafti ya kuchongwa mtaani nimeikataa, kwa sababu chuma kisichopikwa ipasavyo hujisokota kwanza, kisha hukatika ukiwa na mzigo mlimani.

Kwa wili silinda na masta silinda fanya ukaguzi kabla ya kulipa. Vua raba ya vumbi, sukuma pistoni kwa kidole na uhisi kama inarudi bila kukwaruza, tazama ndani kwa tochi kama kuna kutu ya ghalani, kisha jaribu nyuzi za tundu la bomba kwa nati uliyotoka nayo kwenye gari. Nati ikiingia mizunguko miwili na kukaza, nyuzi hazilingani. Irudishe juu ya kaunta na uombe nyingine.